Sketi ya Mikunjo Mitatu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwetu hapa Mbotela, nimezungukwa na mashati ya mtumba ambayo Mama alikuwa ameyaleta kutoka Gikomba, nikibadilisha vifungo, wakati msichana mmoja mrefu mwenye mtandio wa kijani aliposimama kwenye mlango wa ua akauliza, "Hapa ni kwa Sindano?" Niliweka shati chini. Jina langu ni Shiku. Sindano ni jina la kwenye simu, nililojipa nikiwa na miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo ana kwa ana isipokuwa mmoja, na huyo amekufa. Msichana hakungoja jibu. Aliingia, akatoa sketi ya shule ya buluu kwenye mfuko, akaigeuza ndani nje na kuniwekea mapajani. Kwa ndani, juu kidogo ya pindo, kulikuwa na mkunjo ulioshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu, mishono ikipanda na kushuka kama siafu waliopoteza njia. Juu yake kulikuwa na alama za mikunjo miwili mingine ambayo ilikwisha kufumuliwa zamani.

"Mama mdogo amesema uufumue huu wa mwisho," alisema. "Mwalimu hataki kuniona tena na sketi inayoonyesha magoti."

"Haya. Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema usiufumue."

Nilimtazama usoni ndipo nikamtambua. Latifa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ananifika kwapani. Mishono ile ya uzi mwekundu ilikuwa ya mama yake, aliyeishona akijua kwamba hatakuwepo siku ya kuifumua. Niliijua kila nundu yake, kwa sababu niliona ikianza. Nikamwambia Latifa akae kwenye kigoda, nikaenda kuweka chai, na pale jikoni, nikingoja maziwa yapande, mwaka ule wote ukanirudia. Nilikuwa kidato cha pili.

Mwaka ule sikuwa naongea. Sikuwa bubu, ila darasani nilikuwa mtu wa kuitwa mara mbili kabla ya kuitika, na nikiitika mwalimu anasema, "Nani amesema?" Mama alikuwa akiwaambia wateja wake, "Huyu wangu ni kama ukuta, ukimwegemea hakusukumi." Waliangua kicheko, nami nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nyuma ya pazia kuandika kwenye shajara yale ambayo ningejibu. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha zile nyumba za zamani za kaunti, chenye dari ya juu na sakafu ya saruji nyekundu, pazia likigawanya kitanda na meza, na upande wa meza ndiko cherehani ilikokaa. Mama alinunua mitumba, akaifua, akaishona palipochanika, akaiuza. Kwa hiyo ua wetu ulikuwa kamba tupu. Mtu akija kututembelea aliinama kama anayeingia hemani, akipapaswa usoni na mikono ya mashati yenye maji. Nguo ya mtumba ikinyeshewa ikiwa imekaribia kukauka hushika harufu fulani ya chini ya kitanda, na harufu hiyo haitoki, na mteja wa Mbotela hunusa kwanza ndipo aulize bei. Basi adui wa Mama alikuwa mvua, na ndiyo maana aliingia kwenye lile kundi.

Kundi liliitwa Anueni. Lilikuwa la watu wasiojuana, wa mitaa ya Eastlands, waliokuwa wakiarifiana mvua inapoanza ili wengine wawahi kuanua nguo. Mama aliingizwa na mteja mmoja wa Donholm, lakini Mama hana subira na herufi ndogo, kwa hiyo nikitoka shule simu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeandika Sindano mahali pa jina. Msimamizi alijiita Chifu, mzee wa Pumwani, na alikuwa ameweka sheria ambazo kila mgeni alitumiwa: hakuna salamu, hakuna picha za maua na vikombe vya chai, hakuna mahubiri, andika mtaa na hali ya mvua, ukiwa na swali, uliza swali. Kila mtu anajua makundi ya simu yanavyokufa. Watu mia wakiamka na kuandikiana habari za asubuhi, lile neno moja la maana linazama. Chifu hakucheka na mtu. Ukiandika "Sasa wadau" anaifuta, na ukirudia anakutoa.

Lakini mvua hainyeshi kila siku, na watu wakiwa pamoja hawawezi kunyamaza, hata wakiwa hawaonani. Ndipo yakaanza maswali. Kwa nini pakiti ya maziwa imevimba na tarehe haijafika? Mende ameingia ndani ya redio na anaonekana kwenye kioo akitembea juu ya namba, atolewe vipi bila kufungua? Kuna mtu Kware aliyeanza kupanda dania kwenye ndoo ya rangi, na kila juma alileta picha ya ndoo hiyo kama mtu anayeleta mtoto kliniki, na watu wakamwambia asogeze, ageuze, apunguze maji. Kulikuwa na kijana aliyejiita Shati Moja, ambaye maswali yake yote yalikuwa ya namna ya kukausha shati kabla ya kwenda kazini. Alijaribu kulivingirisha kwenye taulo na kulikanyaga, akajaribu nyuma ya friji ya duka la jirani, akarudi kila mara kutoa ripoti. "Wazee, ya friji imeweza. Shida tu sasa nanuka samaki." Nilikuwa nasoma hayo yote nyuma ya pazia nikicheka na mdomo umefungwa, na jioni niliyanakili kwenye shajara yangu. Sikuwahi kuandika neno. Nilikuwa pale kama nilivyokuwa darasani.

Na alikuwepo Juu Kabisa. Yeye ndiye aliyefanya kundi liwe na faida, kwa sababu aliishi ghorofa ya mwisho Kware, dirisha linaloangalia uwanja wa ndege na tambarare za nyuma yake, na mvua nyingi za upande wetu hutokea huko. Wengine walituambia mvua ikiwa imeshawalowesha. Yeye aliiona ikiwa bado njiani. Aliandika Kiswahili cha watu wa Majengo, kilichonyooka, na alitugawia muda kama mama anayegawa nyama. "Naiona nyuma ya ndege. Donholm mna nafasi ya kumaliza chai. Mbotela anzeni na mablanketi, mashati yatangoja." Mama alianza kumtaja kama mtu wa nyumbani. Alikuwa akitoka nje, mawingu meusi yametanda, anauliza, "Juu Kabisa amesemaje?" Nikimwambia hajasema kitu, Mama anaacha nguo kambani na kurudi kwenye cherehani yake, na kweli mawingu yanapita. Majirani walikimbia na mabeseni, sisi tumetulia. "Mama Shiku una roho ngumu," walimwambia. "Nina mtu wangu juu," Mama akajibu, nao wakadhani anamaanisha Mungu.

Baada ya masika, kukiwa na ule ukungu wa baridi usio na mvua, Juu Kabisa naye akauliza swali. Nakumbuka nilikuwa nakula githeri ya moto sana, nikiipuliza huku simu imeegemea kikombe. Aliandika: "Sketi ya shule ya mtoto wa gredi ya tatu. Nataka afike nayo gredi ya sita. Niache pindo kiasi gani, na kiuno nifanyeje?" Watu waliruka juu yake kwa mzaha. Mmoja akasema hiyo haitakuwa sketi, itakuwa hema la harusi. Shati Moja akasema, "Mnunulie tu ya mwalimu, akue taratibu." Mwingine akamwambia angoje mwaka ukifika anunue nyingine, kwani mbio za nini? Juu Kabisa hakujibu lolote kati ya hayo. Aliandika tena swali lilelile, neno kwa neno. Sijui ni kitu gani kilichonigusa pale. Labda ni kule kurudia, kama mtu aliyesimama dirishani kwenye ofisi akiambiwa aje kesho na hasogei. Niliweka kijiko chini. Nikaandika kwamba asiache pindo kubwa, kwa sababu pindo kubwa ni zito, linaning'inia na watoto watamcheka. Anunue sketi isiyo na marinda, ndefu, kisha apunguze kwa kushona mikunjo mitatu kwa ndani, mmoja juu ya mwingine, na kila mwaka afumue mmoja. Kiunoni aweke mpira wenye matundu na kifungo. Niliutuma ujumbe huo, nikaifunika simu kwa bakuli kana kwamba ingeniuma. Nilipoifunua alikuwa ameandika, "Sindano, Mungu akuweke. Nielekeze polepole." Na Chifu hakuifuta ile dua.

Tuliendelea kwa miezi. Maelezo ya kushona kwa maandishi ni kazi ngumu kuliko insha yoyote niliyowahi kupewa shuleni. Unajua vidole vyako vinavyofanya, lakini ukitaka kumwambia mtu usiyemwona, kila neno linakuwa fupi. Nilimchorea, nikampigia picha vitambaa vya mazoezi. Yeye alinitumia picha za mishono yake, na mikono yake ilikuwa inaonekana pembeni mwa picha, vidole vimevimba, pete imekata alama. Katikati ya somo aliuliza maswali mengine kwa kundi lote, na leo nikiyapanga mfululizo naona yalikuwa yanakwenda upande mmoja, ingawa wakati ule yalikuwa maswali kama ya watu wote. Harufu ya dawa inatolewaje kwenye mapazia? Chakula gani mtoto anaweza kupika bila kuinua sufuria nzito? Mtoto akiogopa kulala chumba cha watu wengine, anazoezwa vipi? Watu walijibu kwa moyo. Siki, udi, madirisha wazi. Mayai, viazi vya kukatwa vidogo. Mwanzo alale na kanga ya mama yake. Kila mtu alikuwa na lake la kumpa, na hakuna aliyejua anasaidia nini.

Likizo ya Agosti akaniambia mkunjo wa pili umemshinda, kitambaa kinakimbia, na kama ningeweza kufika. Mama alipiga kelele hadi jirani akachungulia. "Watu wa kwenye simu hawana miguu, Shiku. Siku ukiiona miguu yao, ndiyo siku umeibiwa." Kisha, kwa kuwa ni Juu Kabisa, akavaa viatu vyake vya kanisani tukaenda wote, yeye akiwa amebeba mwavuli, na kulikuwa na jua. "Si wa mvua huu," aliniambia. "Ni wa kichwa cha mtu." Pale Kware majengo yamebanana kiasi kwamba chini ni jioni mchana kutwa. Tulipanda ngazi zile za giza tukipishana na akina dada wenye mitungi ya maji, Mama akihema na kusema kila ghorofa, "Huyu mtu anaitwa hivyo kwa haki." Juu, mlango ulikuwa wazi, na mwanga ulitupiga machoni. Nilikuwa nimemzoea kama sauti yenye nguvu, mtu mnene labda, mcheshi. Aliyekuwa ameketi kwenye godoro chini ya dirisha alikuwa mwanamke mwembamba mno, miguu yake imefura kama ya mtu mwingine, na leso mbili mabegani.

"Sindano," alisema. "Kumbe ni mtoto."

"Shikamoo," nikasema, na sauti ikatoka sawasawa, wala hakuniuliza nani amesema.

Jina lake lilikuwa Mwanaisha, mzaliwa wa Majengo, na Latifa alikuwa mwanawe wa pekee. Chumba kilinukia udi, na chini ya udi dawa, na chini ya dawa mapazia yaliyofuliwa kwa siki. Nilivitambua vyote, maana vilitoka kwenye kundi letu. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na ndoo ya rangi yenye dania iliyochanua. Nikashika mdomo. Ndoo nayo ilikuwa yake, kwa namba nyingine, ya mdogo wake, kwa sababu alisema hakutaka watu wachoke na maswali ya mtu mmoja. Tulikula mkate wa kumimina uliokuja kutoka Majengo umefungwa kwenye gazeti, na chai ya tangawizi, Mama akiusifia mkate na kuuliza mchele umelowekwa muda gani, kama kwamba tulikuwa tumekuja kwa ajili ya hilo. Nikamwonyesha Mwanaisha namna ya kupiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, ili kitambaa kisikimbie, vidole vyangu juu ya vyake. Vyake vilikuwa na joto lisilo la kawaida. Halafu akatuomba mimi na Latifa tukaanue nguo kwenye kibaraza cha nje. Hakukuwa na wingu hata moja. Tulikwenda.

Dirisha la upande ule lilikuwa halina kioo kimoja, na mimi mwenye kuongea kidogo ndiye mwenye kusikia sana. Latifa alikuwa akinihadithia paka wa ghorofa ya tatu, na nyuma ya maneno yake nilimsikia mama yake.

"Mama Shiku, mimi sitafika naye gredi ya sita."

"Usiseme hivyo. Mungu yupo."

"Na Mungu nimeshasema. Sasa nasema na fundi."

Nilisikia Mama akiweka kikombe chini. Nilikunja kitambaa cha Latifa, nikakikunjua, nikakikunja tena. Hatimaye nikamsikia Mama akisema, kwa ile sauti yake ya kazi anayotumia na wateja, "Uzi. Kila mkunjo uzi wa rangi yake. Kijani, njano, nyekundu. Hata mtu asiyejua kushona atajua mwaka huu ni zamu ya upi." Mwanaisha akasema, "Mdogo wangu atafumua miwili. Wa mwisho nitamwambia amlete kwenu. Mtoto atakuwa ameshakua, atataka kuuliza mambo, na mdogo wangu akiulizwa juu yangu analia tu." Tuliporudi ndani walikuwa wanacheka wote wawili kuhusu Shati Moja. Njiani kurudi Mama alinitangulia hadi Jogoo Road. Pale akafungua mwavuli, juani, akatembea chini yake mpaka nyumbani, na mimi sikumtazama.

Tangu siku ile nilisoma kila ujumbe wake nikijua. Kundi halikujua. Sikuwaambia, halikuwa langu la kusema. Oktoba akanitumia picha ya mkunjo wa tatu, wa uzi mwekundu, mishono ikipanda na kushuka, na chini akaandika: "Imeisha. Imepinda lakini imeshika." Nilitaka kumwambia afumue, arudie, nitakuja nimsaidie. Nikamwandikia imeshika vizuri sana. Vuli ilianza, na yeye bado alikuwa dirishani kwake. Ujumbe ukawa mfupi. "Naiona." "Mbotela, sasa." Siku moja aliandika herufi moja tu, A, na mitaa minne ikaanua.

Ile Alhamisi nilikuwa darasani mvua ilipoanza kupiga mabati. Sikuwa na wasiwasi na kamba zetu. Nilipofika nyumbani nilikuta ua umejaa nguo zinazochuruzika, mablanketi yamevuta kamba hadi chini kwenye matope, na Mama ameketi mlangoni mikono mapajani. "Sikuangalia juu," alisema. "Nilingoja yeye." Nikachukua simu. Kundi lilikuwa limechafuka. Donholm wamelowa, Pumwani wamelowa. "Juu Kabisa leo umelala?" "Ametuuza huyu." Shati Moja alikuwa ameandika, "Mathe, shati ni lilelile, na kesho nina intavyuu." Na Chifu, kama karani wa kituo: "Kware, toa hali." Akangoja. "Kware, toa hali." Niliandika "Juu Kabisa?" peke yake, na alama ya kuuliza. Mama alisoma begani mwangu, kisha akaenda kuanza kukamua mablanketi, moja baada ya jingine, bila kunungunika.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, kutoka namba ileile. "Mwenye simu hii alifariki jana asubuhi. Amezikwa jana baada ya alasiri. Ni mimi mdogo wake. Samahanini kwa nguo." Nimewahi kusoma mambo mengi ya huzuni, lakini hilo neno la mwisho sijalizoea mpaka leo. Mama alikuwa ameanza kutafuta kitambaa chake cheusi, akiuliza mikutano ya mazishi inafanyika wapi, kamati ni ya nani, maana kwetu mtu akifa kuna siku nyingi za kukutana, kuchanga, kupanga magari, na katika kupanga huko watu wanaanza kuamini. Nilimwambia ameshazikwa. Alisimama na kile kitambaa mkononi. Nje mablanketi yalikuwa bado yanadondosha maji. "Kumbe tulikuwa tunamgombeza wakati anabebwa," alisema. "Amefika kaburini nguo hazijakauka."

Kwenye kundi hakuna aliyeandika kitu. Nafikiri watu walikuwa wanaogopa sheria. Walikuwa wamekaa mwaka mzima bila kusalimiana, na sasa hawakujua pole inaingia wapi. Nusu siku nzima ukurasa ulikaa hivyo, samahanini kwa nguo, na chini yake hakuna kitu. Ndipo Chifu akaandika: "Leo salamu zinaruhusiwa." Zikaja. Zilikuja nyingi hata simu ya Mama ikawa moto mkononi. Habari zenu. Poleni nyote. Assalaam aleikum. Natumai mmeamka salama. Watu wakaanza kuandika majina yao ya kweli na mitaa yao, mmoja mmoja, kama watu wanaosimama kanisani kujitambulisha. Shati Moja alikuwa anaitwa Kevo. Aliandika, "Naitwa Kevo. Nilimjibu vibaya jana." Hakuongeza mzaha. Mimi niliandika, "Naitwa Shiku, niko kidato cha pili." Juma lililofuata mwalimu wa Kiswahili aliuliza swali darasani, nikanyosha mkono, na aliponipa nafasi nikasimama na kusema jibu. Halikuwa sahihi. Lakini lilisikika hadi nyuma.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakichemka na maziwa. Nilipotoka na chai, Latifa alikuwa amejifunika sketi magotini kama blanketi. Nilimwambia tunaweza kuongeza kitambaa chini, mshipi wa buluu, na mkunjo ukabaki. Lingewezekana, nimefanya hivyo kwa watu wengi. Alifikiri sana. Akaniuliza kama mama yake alisema mkunjo ule ni wa kufumuliwa au wa kukaa.

"Alisema ni wa gredi ya sita."

"Wewe ulimsikia kwa masikio yako?"

"Nilimsikia. Mimi na wewe tulikuwa nje, unanihadithia paka."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Yule paka alikufa." Kisha akanyosha mkono. "Nipe sindano. Si wembe."

Nilimwonyesha pa kuanzia, kwenye fundo, akaanza kutoa mshono mmoja mmoja kwa ncha, polepole, bila kukata uzi. Sehemu ambapo mikono ya mama yake ilitetemeka zaidi, uzi ulikuwa umejifunga, na pale alikaa muda mrefu. Sikumsaidia. Chai ikapoa na utando juu. Nakiri nilikuwa nimeinamia sketi ile kama kwamba kungekuwa na kitu ndani ya mkunjo, neno, unywele, chochote. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na vumbi la kitambaa, na ukanda wa buluu ambao haukuwahi kuliona jua, mzito, mpya, rangi ileile iliyokuwa dukani. Latifa alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kumbe ilikuwa hivi," alisema. Nilimwambia mstari huo utaonekana, sketi nzima imepauka na pale hapajapauka. Akipenda naweza kuushonea utepe juu. Akakataa. Akauzungusha uzi mwekundu kidoleni, akauvua, akautia kwenye ncha ya mtandio wake na kufunga fundo.

Aliivaa pale pale juu ya gauni lake. Ilimfika chini ya magoti. Alikuwa anajigeuza aone nyuma alipoacha ghafla, akainua uso kuelekea kule kwa uwanja wa ndege, ingawa kwetu chini hapa hakuna kinachoonekana ila kuta na kamba.

"Dada Shiku, zile nguo ni zenu?"

"Zetu. Zimetundikwa sasa hivi tu."

"Anua."

"Na jua lote hili?"

"Anua," alisema, akaanza yeye mwenyewe na mablanketi.

Niliandika kwa kundi, ambalo siku hizi limepoa, watu wanategemea utabiri wa simu zao. Niliandika: "Mbotela. Anueni." Mtu akajibu upesi kwamba huku kwake ni kweupe, nani amesema? Nikamwandikia: "Mtoto wa Juu Kabisa." Kisha Chifu akaandika, "Pumwani naanua." Donholm naanua. Kevo naanua. Niliiweka simu dirishani ikiendelea kutikisika, nikatoka kumsaidia Latifa, na jua lilikuwa bado linawaka.